Tone Moja la Fundi Gundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Gundi, na mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuchomelea ekzosi, yale mabomba yanayopokea moshi wa injini na kuupeleka nyuma ya gari. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba alichokiunganisha kimeachana. Waliorudi walilalamika kinyume chake: kwamba wametaka kukifungua, wakashindwa, na fundi mwingine amelazimika kukata gari nusu ili alitibu.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Alikuwa ameunda kitanda cha chuma ndani ya chumba cha kulala, akachomelea viungo vyote, akakipaka rangi, na rangi ilipokauka mkewe akamuuliza kitatokaje mlangoni siku wakihama.

"Kwani tunahama?" akauliza, kwa mshangao wa kweli.

Mlango wa banda la kuku alikuwa ameukaza bawaba kwa moto mpaka ukawa haufunguki zaidi ya nusu. Kuku wa nyumba ile walijifunza kuingia kiubavu.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, lenye shimo la kuingilia chini ya gari, meza ya chuma, na jiliwa la kubania vyuma ambalo nalo, bila shaka, lilikuwa limechomelewa kwenye meza. Hapo ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoegesha gari lake Jumatano moja mchana, akashuka akiwa bado ana unga mabegani.

Shemeji huyu alikuwa dereva. Gari lake dogo la mizigo lilibeba mikate kutoka kwenye tanuri moja kubwa na kuisambaza madukani kila alfajiri isipokuwa Jumapili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Shemeji, hodi."

"Karibu. Kimevunjika nini?"

"Hakijavunjika kitu. Leo nimekuja kabla. Ona maajabu."

Aliketi juu ya tairi bovu, akaeleza. Klachi ilikuwa inakwisha. Yule fundi wa giaboksi, ambaye kila mtu alimwita Daktari, alikuwa ameisikiliza akasema isipobadilishwa Jumapili hiyo itamwacha njiani. Kubadilisha klachi ni lazima giaboksi ishushwe, na giaboksi haishuki kwa sababu bomba la ekzosi limepita chini yake kama mtu aliyelala mlangoni.

"Mara ya kwanza ulilikata, ukalichoma," alisema. "Mara ya pili ukalikata, ukalichoma. Mara ya tatu, Jumapili ile, ulilikata asubuhi, Daktari akamaliza jioni, wewe ukalichoma Jumatatu. Unakumbuka nilifikisha mikate saa ngapi?"

Fundi Gundi alitazama viatu vyake. "Saa nne."

"Saa nne! Saa nne nani hajanywa chai? Mwenye tanuri aliniambia, 'Mama, ukichelewa tena Jumatatu moja tu, njia hii nampa mwenzako.' Na mwenzangu yupo, shemeji. Ana gari jipya, anaosha magurudumu kila siku, anapita pale tanurini akitabasamu kama mgonjwa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kile kipande cha chini ya giaboksi kitoke kwa spana. Spana, shemeji. Siyo moto, siyo mashine ya kukatia. Nikilala chini mwenyewe nikifungue, nikimaliza nikifunge."

Fundi Gundi alijikuna kidevu. "Kinachotoka kwa spana kinaweza kutoka chenyewe."

"Na mlango wa nyumba yako je? Una kitasa. Umewahi kutoka wenyewe ukaenda sokoni?"

Jibu alilokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele ya shemeji. Alipokuwa kijana, bado anajifunza kazi, aliwahi kufunga sailensa ya lori kwa klampu mbili tu, vile vibanio vya kukazwa kwa nati, akajisifu. Lori likapiga kona ya kwanza, sailensa ikadondoka, ikaburutwa barabarani ikitoa cheche, huku watu wakiikimbilia na kuishangilia kama bibi harusi. Tangu siku ile alikuwa ameapa kwamba kitu akikishika kimeshikwa. Watu walidhani ni ubora wa kazi. Ilikuwa hofu.

Lakini shemeji ni shemeji. Alikubali. Na kwa kuwa alikubali mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, alijikuta akiongeza, "Utakifungua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai."

"Chai ya moto au ya baridi?" aliuliza mteja mmoja, na wote wakacheka isipokuwa mwenye ahadi.

Alhamisi asubuhi alikwenda duka la spea. Mwenye duka alikuwa mama mnene asiyenyanyuka kitini. Alikuwa na fimbo ndefu yenye ndoano, na kila ulichotaka alikitungua kutoka darini kama mtu anayechuma matunda.

"Klampu," alisema Fundi Gundi kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Klampu. Za ekzosi."

Yule mama aliweka fimbo mapajani. "Gundi ananunua klampu! Kwema nyumbani? Hakuna aliyefariki?"

Alimtungulia za aina tatu, akazipanga kaunta. Ya kwanza ilikuwa ile ya chuma kilichopindwa kama kwato, yenye nati mbili na kipande cha kukalia bomba. Ya pili ilikuwa bapa, mkanda mpana unaozunguka bomba lote kama mshipi wa suruali. Ya tatu ilikuja na pete mbili nene za kuchomelewa kwenye ncha za mabomba. Pete zikikutanishwa uso kwa uso, klampu yenye mfereji kwa ndani inazikumbatia pamoja, na nati yake ni moja tu. Fundi Gundi alizijua zote, kama mtu anavyowajua majirani asiosalimiana nao.

"Hii ya kwato ndiyo ngumu," alisema.

"Ngumu kufunga au ngumu kufungua?" aliuliza yule mama. "Chukua zote tatu. Usiyoitaka nirudishie, lakini isiwe na alama ya meno yako."

Alipofika gereji aliijaribu kwanza ile ya kwato, maana ndiyo iliyomkaa machoni. Alichukua vipande viwili vya bomba kuukuu, akaingiza kimoja ndani ya kingine kwa upana wa vidole vitatu, akavibana kwenye jiliwa, akafunga klampu. Alikaza. Akaongeza kukaza. Akaongeza tena, mpaka mishipa ya shingo ikasimama na spana ikalia. Alipotikisa, hakuna kilichocheza. Alifurahi. Kisha akalegeza nati zote mbili, akatoa klampu, akavuta bomba litoke.

Halikutoka. Ile kwato ilikuwa imeuma bomba la nje, ikalibonyeza hadi la ndani, na yote mawili yakawa na bonde moja. Alivuta, akagonga kwa nyundo, akaweka mguu juu ya meza na kuvuta tena. Mkewe alimkuta katika hali hiyo alipomletea chakula cha mchana.

"Unapigana na nani?"

"Nimefungua klampu lakini haliachii."

Mkewe aliinama, akapitisha kidole kwenye lile bonde, akatikisa kichwa. "Yaani umepata njia ya kuchomelea bila umeme. Hongera, mume wangu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi."

Akamwekea chakula mezani na kuondoka, lakini akageuka akiwa mlangoni. "Mdogo wangu ana watoto watatu wanaosoma kwa mikate hiyo. Usimletee mchezo."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkalisha chini. Alikula nusu ya chakula, akachukua chaki, akachora gari kwenye sakafu ya saruji. Kwa nyuma, bomba lingeingia ndani ya bomba, na lile la mbele ndilo lingekuwa la ndani, ili moshi upite kutoka bomba jembamba kwenda nene bila kukutana na mdomo wa kuvujia. Hapo angeweka klampu ya mkanda bapa, ambayo inabana pande zote sawasawa bila kuuma. Bomba la nje angelichana nyufa nne fupi mwishoni, ili likibanwa likubali kujikunja, na likilegezwa lirudi. Kwa mbele, karibu na giaboksi, palipokuwa pembamba pasipoingia mikono miwili, angeweka zile pete na klampu ya mfereji. Nati moja ingefunguliwa, klampu ingetoka, ncha ya mbele ya kipande ingeshuka, kisha kipande chote kingevutwa kutoka mdomoni mwa bomba la nyuma. Angeongeza mpira wa kuning'inizia kila upande, ili kipande kisipokuwepo mabomba yaliyobaki yasilegee kama mikono ya mlevi.

Alijaribu ile ya bapa mezani. Ilishika. Akalegeza, bomba likachomoka kwa mkono mmoja kama kisu kwenye ala. Fundi Gundi alilitazama bomba hilo kwa mashaka, kama mtu aliyejibiwa vizuri mno.

Ijumaa mchana shemeji alipomaliza mzunguko wake alileta gari. Fundi Gundi alikata kile kipande kwa mara ya mwisho, akachomelea pete, na akazichomelea zikiwa zimefungwa pamoja na klampu ili moto usizipinde. Kabla ya kukaza kabisa alimwita shemeji shimoni.

"Ingiza mkono wako. Siyo wangu, wako. Nati unaifikia ikitazama wapi?"

Shemeji alipapasa. "Igeuze kidogo huku kwangu. Hapo. Hapo hata nikiwa nimefumba macho."

Fundi Gundi alipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi za bolti ili kutu isizishike. Wakawasha gari, akaziba mdomo wa nyuma kwa tambara, akapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote viwili. Hakuna povu lililopanda. Shemeji alipiga makofi shimoni, sauti ikarudi kama watu kumi.

"Shemeji, kumbe unajua! Ulikuwa unatuficha nini miaka yote?"

Shemeji alikwenda nyumbani, nyuma ya banda, kumtafuta dada yake wanywe chai, akaacha funguo kwenye gari.

Fundi Gundi akabaki peke yake shimoni. Alikitazama kiungo cha mbele. Kilikuwa kizuri. Nati moja. Nati moja tu ilikuwa imesimama kati ya shemeji yake na ile kona, cheche, na watu wakishangilia. Alikaza robo mzunguko. Akapanda juu, akafuta mikono, akashuka tena. Akaona mikate yote imetapakaa barabarani. Moyo ukamwambia, tone moja tu. Tone moja halihesabiki. Akafungua klampu, akavuta waya wa mashine, akadondosha tone moja la kuchomelea kati ya zile pete mbili, upande wa juu unaotazama giaboksi, pasipoonekana. Akalisugua likalala bapa. Akarudisha klampu juu yake, akafunga. Shemeji aliporudi alimkuta anapiga mluzi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi walikutana kwenye uwanja wa Daktari. Ulikuwa uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta, safi kuliko jikoni nyingi, na haukuwa na umeme hata kidogo. Daktari alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti jeupe lisilo na doa. Aliamini umeme humfanya fundi awe na haraka, na haraka huvunja meno ya gia. Kila kitu alikifanya kwa mkono.

"Shemeji yako amesema atafungua mwenyewe," alisema Daktari, akivuta kigoda. "Nimekuja na chai yangu."

"Ianze kunywewa," alisema shemeji, akalala juu ya boksi, akajisukuma chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki na magogo. Mkanda wa nyuma ulilegea mara moja. Akahamia mbele. Spana ikazunguka, nati ikatoka, klampu ikafunguka kama bangili na kumwangukia kifuani.

"Daktari! Hata hujamaliza funda la tatu!"

"La pili," alisema Daktari.

"Sasa shuka, baba," shemeji aliliambia bomba, akalivuta.

Bomba halikushuka. Akalitikisa. Gari lote likatikisika, bomba halikushuka. Daktari aliweka kikombe chini, akaingia naye, wakavuta pamoja, mmoja akihesabu. Hakuna kitu.

Fundi Gundi alisimama kando ya ukuta. Jasho lilimtoka wakati jua lilikuwa bado halijapata nguvu. Angeweza kusema ni kutu. Angeweza kusema joto limezifanya pete zishikane. Jambo hilo hutokea, na wangemwamini. Wangevuta hadi saa sita, kisha wangelipeleka gari gereji kukata, na Jumatatu ingefika.

"Ajabu," sauti ya Daktari ilitoka chini ya gari. "Pete ni safi, ni mpya. Zimependana?"

"Nilitia tone," alisema Fundi Gundi.

Kisha miguu ya shemeji ikaanza kutoka, halafu magoti, halafu shemeji mzima, akakaa chini na klampu mkononi.

"Ulitia nini?"

"Tone. Moja. Dogo."

"La nini, shemeji?"

"Niliogopa lisije likakudondokea njiani."

Alitegemea kelele, na angeipokea kelele kwa shukrani. Lakini shemeji hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha. "Likinidondokea njiani nitashuka na spana nilifunge," alisema taratibu. "Lisipotoka leo, kesho mikate inabebwa na yule wa magurudumu safi. Ulikuwa unanilinda na nini?"

Daktari alijipangusa mikono, akakaa tena kwenye kigoda chake. "Mficha uchi hazai," alisema. "Angalau amesema mapema. Fundi, hapa kwangu hakuna umeme. Kuna bamba la msumeno wa chuma, kuna tupa, na kuna wewe."

Fundi Gundi alivua shati, akalala pale alipokuwa amelala shemeji. Bamba la msumeno halikuwa na mpini, kwani mpini usingeingia. Alilizungushia tambara ncha moja, akalipenyeza kati ya pete. Tone alikuwa amelitia upande wa juu lisionekane, na sasa hata yeye hakuliona. Alilitafuta kwa ncha ya kidole. Alipolipata alianza kukereza, mkono umepinda, nusu dole mbele, nusu dole nyuma. Vumbi la chuma lilimwingia sikioni. Katika miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kufungua kazi yake mwenyewe, na sasa aligundua jambo ambalo wateja wake walikuwa wakilisema siku zote: alichomelea vizuri mno.

"Tone moja, dogo," shemeji alimwimbia kutoka juu, saa ya kwanza ilipopita. Hasira ilikuwa imeanza kupungua, utani unarudi. "Hilo dogo lina ukoo mkubwa?"

"Linakaribia."

"Daktari, nipatie chai. Mimi niliambiwa kikombe kimoja, hiki ni cha ngapi?"

"Birika la pili," alisema Daktari.

Saa nne kasoro robo, bamba lilipita upande wa pili. Bomba lilitoa mlio mdogo, likashuka, likatua kwenye paji la uso la aliyelifunga. Alitoka nalo, akakaa kwenye saruji, akachukua tupa na kuisawazisha ile pete mpaka ukipitisha ukucha haukwami popote. Daktari alishusha giaboksi, akabadilisha klachi, na kufikia saa tisa na nusu giaboksi ilikuwa imerudi mahali pake.

Ulipofika wakati wa kurudisha kipande, Fundi Gundi alinyoosha mkono kuchukua klampu.

"Hapana," alisema shemeji. "Geuka. Daktari, mpekue mifuko."

"Sina mashine, shemeji! Nitachomelea kwa nini?"

"Kwa nia. Mpekue."

Daktari alimpekua kwa adabu ya kidaktari, akatoa chaki, leso na kijiti kimoja cha kuchomelea. Wote watatu wakakitazama kijiti hicho.

"Hicho huwa kipo tu," alisema Fundi Gundi.

Shemeji alifunga mwenyewe. Nati ya mbele, mkanda wa nyuma. Halafu, bila kuombwa, akafungua tena, akashusha kipande, akakipandisha, akafunga. Daktari alikuwa na funda moja kikombeni shemeji alipoanza, na alipomaliza lilikuwa bado lipo.

Jumatatu alfajiri Fundi Gundi alisimama kando ya barabara mbele ya gereji yake, mkono mmoja mfukoni. Gari la mikate lilipita likiwa limejaa, likapunguza mwendo kwenye tuta. Alitega sikio kwa kila kiungo. Hakukuwa na mvujo, wala mlio, wala chuma kugonga chuma. Shemeji alitoa mkono dirishani, akagonga mlango mara mbili, akapita bila kusimama, kwani njia ilikuwa bado yake na maduka yalikuwa yanamngoja.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa mwenye pikipiki aliyekatikiwa na chuma cha kushikia sailensa. Fundi Gundi alikiweka chuma mezani, akakitazama huku na huku, kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Hiki, utataka kukifungua siku nyingine?"

Mwenye pikipiki aligeuka kutazama kibao cha mlangoni, kuhakikisha kama ameingia gereji aliyoikusudia. "Kukifungua kwa nini? Choma tu, fundi. Choma kabisa."

Fundi Gundi alishusha pumzi ndefu, akavaa miwani yake nyeusi haraka, kabla yule mtu hajabadili mawazo.